Siku Uliyokuwa Chini ya Hewa

Jumapili, 12 Mei 1974. Asubuhi ukungu mzito, manyunyu mpaka saa nne, baridi. Boma la ng'ombe halionekani kutoka mlangoni.

Baba,

Hivi ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, na wewe ulilijua jambo hilo. Asubuhi ulikuwa ukimuuliza Mama, mke wako, kwa sauti ya kutosha kunifikia jikoni, ukiniita kwa kazi yangu, "Mwalimu ameandika nini leo juu ya mvua?" Mvua yenyewe ilikuwa ikikugonga kofiani, lakini ulitaka kusikia ilivyoandikwa.

Leo ninakuandikia wewe, na ninaandika kwa Kiswahili. Nilijaribu kwa lugha yetu nikakwama kwenye neno la kwanza. Kwa lugha yetu mimi ni mke wa mwanao Ombati, na kati ya baba mkwe na mke wa mwana ipo ile aibu tunayoiita ensoni. Hatupeani mikono. Hatuketi karibu. Mimi siingii chumba unacholala, na wewe huingii nyumba yangu kabisa. Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya karani wa maziwa. Hakijui wewe ni nani kwangu. Labda kitaniruhusu.

Tangu tukuzike, mahindi ya shamba la chini yamefika magotini. Ng'ombe mwenye pembe moja amezaa jike. Kiti chako kiko pale pale barazani, kuku wamekifanya chao na Mama hawafukuzi. Ombati amerudi kazini Nakuru. Na mimi nimejifungua. Ni mvulana. Ana masikio yako, yale yaliyosimama kama yanasikiliza kitu nje.

Masikio hayo ndiyo yaliyoleta taabu. Jana baada ya ibada walikuja akina mama wa ukoo kumpa mtoto jina. Wewe ndiye uliyetutoka karibuni, na mtoto ni wa kiume, kwa hiyo hakukuwa na la kujadili. Dada yako, shangazi Kemunto, alimwinua juu akasema, "Huyu ni Onchari. Nani hapa hayaoni haya masikio?" Wote wakacheka, wakaitikia.

Nikasema hapana.

Sikupanga. Lilitoka tu. "Hapana, shangazi. Mpeni jina lingine." Shangazi akamshusha mtoto.

"Form Four imelikataa jina la mzee," shangazi akasema.

"Labda anatafuta la kizungu," mwingine akasema.

"Basi mwiteni Krismasi."

"Krismasi gani, mwezi wa tano?"

Walicheka kidogo, kicheko cha kujaza nafasi. Mama alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka kwenda kuangalia ndama. Shangazi alipokuwa akiondoka aliniambia mlangoni kwamba Sabato ijayo mtoto atapewa jina, nami nikitaka nitakuwepo, nisipotaka nisiwepo.

Walidhani ninalidharau jina lako. Baba, mimi nilikuwa naona karai la maji. Kila siku nitamvua nguo mtu anayeitwa Onchari, nitamwosha, nitamgeuza, nitampangusa. Na Onchari nimeshamwosha. Jambo hilo tulilijua mimi na wewe peke yetu. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka leo asubuhi.

Acha kwanza niseme yasiyoniumiza.

Ulipotoka kwenye shamba la Bwana, mzungu uliyemtunzia ng'ombe wa maziwa miaka mingi, ulikuja hapa Nyansiongo kwenye ploti yako na makopo mawili ya maziwa, koti lake la mvua, na misemo ya Kiingereza uliyoisikia bila kuelezwa. Uliibeba kama mtu aliyebeba funguo za nyumba asiyoijua. Mimi nilipoolewa hapa nilileta sanduku, godoro, na kitabu cha shule kilichoeleza misemo hiyo na asili yake. Nakumbuka Mama alivyokuambia habari ya kitabu. Ulihamisha kiti chako kutoka upande wa ng'ombe kuja upande wa jikoni.

Ulikaa umetupa mgongo. Mimi nilikuwa ndani napukuchua mahindi, na Mama akakaa kizingitini katikati yetu, maana wewe na mimi hatuwezi kuzungumza hivi hivi. Ulisema, "Muulize mwalimu, kwa nini Waingereza wanasema mvua inanyesha paka na mbwa." Nilikusikia vizuri. Mama akanigeukia akayarudia yote. Nikamwambia Mama kwamba maana yake ni mvua kubwa, na kwamba kuhusu asili hakuna mwenye hakika. Wengine wanadhani zamani huko kwao mvua kubwa ilisomba mizoga ya wanyama barabarani, watu wakaiona asubuhi wakasema imenyesha. Ulinisikia vizuri. Mama akakugeukia akayarudia yote, akaongeza la kwake: "Na sisi tumekosa nini, hatunyeshewi hata ndama?"

Hivyo ndivyo tulivyozungumza miaka mitatu. Ulipouliza juu ya kumtoa paka kwenye gunia, nilieleza kwamba ni kufichua siri, na kwamba, kama kitabu kinavyosimulia, muuzaji mjanja sokoni alimtia paka guniani akamuuza kama mtoto wa nguruwe, gunia likifunguliwa uongo unatoka. Mama hakukurudishia hata maneno yangu. Alisema, "Mtu ameenda kununua nguruwe akapata paka? Huyo Mungu alimwokoa." Ulicheka mpaka ukashika mbavu, wewe mzee wa kanisa.

Na ule wa bega baridi. Kwamba mtu ukimpa bega baridi umempuuza, na kwamba wapo wanaosimulia kuwa mgeni aliyekaa kupita kiasi alipewa bega la kondoo lililopoa, bila kupashwa moto, ili aelewe. Kitabu kilionya kwamba hadithi hiyo huenda ilitungwa baadaye. Siku hizo shangazi Kemunto alikuwa hapa wiki ya pili. Mama alitazama upande wa nyumba alimolala, akasema polepole, "Yule hata likiwa baridi angelimaliza." Mimi niliziba mdomo kwa kanga. Kucheka kwa sauti mbele yako kulikuwa kosa, nami nilikuwa mwangalifu sana. Nilijisifu moyoni kwa uangalifu huo.

Msemo ulioupenda kuliko yote ni ule wa kuwa chini ya hali ya hewa. Ulisimulia kwamba Jumatatu nyingi Bwana hakutoka kuangalia maziwa yakipimwa. Mkewe alisimama barazani akasema kwa Kiingereza kwamba leo mume wake yuko chini ya hali ya hewa. Nyinyi wafanyakazi mkainua macho, anga safi, jua linawaka, mkakubaliana kwamba wazungu wana hali ya hewa yao ya pekee. Nilimwambia Mama kwamba maana yake ni kuwa mgonjwa kidogo, na kwamba inadhaniwa ilitoka kwa mabaharia: bahari ikichafuka, aliyeugua alishushwa chini melini, mahali ambapo upepo na mawimbi havimfikii.

"Bahari iko wapi pale shambani?" Mama akauliza. "Ile ilikuwa pombe."

Ukasema, "Mwambie mwalimu kwamba yule mama hakusema uongo, na ukweli pia hakuusema. Alimfunika mumewe."

Tangu siku hiyo msemo ukawa wetu, tukaufupisha. Jogoo aliyekataa kuwika alikuwa chini ya hewa. Redio betri zikiisha, iko chini ya hewa. Mhubiri aliyehubiri vibaya, vivyo hivyo, ingawa hilo tulilisema wewe ukiwa mbali.

Kisha ukaanza kuugua kweli, na miguu ikakuishia.

Ile siku Mama alikuwa amekwenda kusagisha mahindi. Ombati alikuwa Nakuru. Mimi nilibaki nyumbani maana ujauzito ulikuwa umeshanizidi nguvu na shule ilinipa ruhusa. Nilikuwa nafua nguo nyuma ya jiko nikasikia kitu kizito kimeanguka chumbani kwako.

Nilikimbia mpaka mlango wa chumba. Nikasimama.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, Baba. Watu wakijua watadhani iko kwenye yale yaliyofuata, na yale kweli yananichoma. Lakini ya kwanza ni kwamba nilisimama. Niliita, "Baba?" Nikasikia unapumua kwa shida. Niliweza kuona miguu yako sakafuni kupitia ufa wa mlango. Nikageuka nikaenda kwenye ua nikaita jirani wa juu, hakuna mtu, walikuwa wamepeleka maziwa. Nikaita wa chini, akaitikia mbwa. Nikarudi, nikasimama tena. Nilikuwa nafikiri watu watasema nini. Nilifikiri nikiingia nitatokaje, nitakaaje tena katika boma hili. Wewe ulikuwa sakafuni kwenye simenti baridi, na mimi nilikuwa nahesabu heshima yangu. Bila shaka ulisikia nyayo zangu zikienda na kurudi.

Ndipo ukasema. Hukusema kwa lugha yetu, ambayo isingekuruhusu hata wewe. Ulisema kwa Kiingereza, polepole, kwa ile sauti uliyokuwa ukimwigiza mke wa Bwana barazani: "Mwalimu, niko chini ya hali ya hewa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyowahi kuniambia mimi mwenyewe, bila Mama katikati.

Nikaingia. Ulikuwa umeanguka ukielekea kwenye ndoo na hukuifikia. Shati, shuka na sakafu vilikuwa vimelowa. Ulikuwa umegeuza uso ukutani. Nilikushika chini ya makwapa, mtoto akageuka tumboni kama aliyeshtuka, nikakuinua hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa kitanda. Nilileta maji ya uvuguvugu ya kufulia. Nilikuvua. Nilikuosha. Sitaandika zaidi ya hapo, hata Kiswahili kina mpaka wake. Maji yakamwagika miguuni mwangu, nikawa nimelowa kama wewe.

Ukiwa bado umetazama ukuta ukasema, kwa Kiingereza tena, "Paka na mbwa."

Nikacheka. Baba, nilicheka kwa sauti, mbele yako, nimeshika kitambaa mkononi, mimi niliyeziba mdomo miaka mitatu. Nilicheka na machozi yakatoka, na nikaona bega lako nalo linatikisika. Nilikuvisha shati safi, nikakufunika blanketi hadi shingoni, nikatoka. Nikafua lile shuka, nikalianika. Mama aliporudi na unga nilikuwa napika mboga kama kawaida.

Kwenye daftari siku ile niliandika hewa tu: anga safi, upepo kidogo.

Uliishi majuma machache tu baada ya hapo. Hukunisemesha tena moja kwa moja. Jioni ulimuuliza Mama amuulize mwalimu, kama zamani, mpaka sauti ilipokauka. Lakini mimi nilianza kukukwepa. Nilimwambia Mama mgongo unaniuma, siwezi kukaa jikoni. Maswali yako ya mwisho yalijibiwa nusu nusu kutoka mbali, na lile la kuvunja barafu sikulijibu kabisa. Nilijua jibu. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo utakumbuka kicheko changu. Kwenye mazishi shangazi alisimama akanisifu mbele ya watu, kwamba mkwe huyu alimheshimu mzee mpaka mwisho, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa leo.

Mama alikuja asubuhi ndani ya ukungu, na uji wa wimbi kwenye chupa. Aliketi kitandani kwangu, akamchukua mtoto, akasema, "Nimewaacha wote waondoke. Sasa niambie mimi. Jina la mume wangu lina nini?"

Nilimwambia. Nilianza kwa lugha yetu nikakwama, nikaendelea kwa Kiswahili, naye Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo tulisaidiana. Nilimwambia kuhusu kuanguka, na ndoo, na karai. Nilimwambia kwamba nilisimama mlangoni. Nilimwambia hata kicheko. Nilimwambia kwamba nikilisikia jina hilo juu ya mtoto ninayemvua nguo nitakufa kwa haya. Nikasema akitaka nirudi kwetu Nyacheki nitarudi.

Alikunywa mwenyewe ule uji alioniletea mimi. Kisha akasema, "Lile shuka lilikuwa limeanikwa kwa vibanio."

Sikuelewa.

"Vibanio viwili vya mbao, huku na huku. Katika boma hili nani anaanika kwa vibanio? Sisi tunatupa kwenye ua. Nilipofika na unga wangu nikaona shuka la mzee limebanwa kama nguo za masista. Nikajiambia, haya. Kuku hawakufua."

"Ulijua siku ile ile?"

"Na yeye aliniambia. Jioni alisema, mwambie mwalimu asante. Nikamuuliza, asante ya nini? Akasema, nilikuwa chini ya hewa. Basi. Sikuuliza tena na hakusema tena."

Nikamuuliza kwa nini hakunifikishia, yeye ambaye alifikisha hata habari za nguruwe.

"Ningekuambia, ungejua kwamba najua. Ungehama." Alimgeuza mtoto begani. "Nimekaa na hiyo asante kama maziwa ya juzi. Ichukue sasa, sio yangu."

Nimeichukua, Baba. Nimeichelewesha kuliko Mama alivyoichelewesha. Ulinitumia kwa njia yetu ile ile, na mimi nilikuwa nimehama kizingiti. Ndiyo aibu ninayobaki nayo leo, wala sikuandikii ili uniondolee. Ulinifunika tangu pale sakafuni, ukiwa wewe ndiye mwenye kulowa, na mimi nikadhani ni mimi ninayekufunika wewe.

Niliuliza shangazi atasema nini. Mama akasema shangazi Kemunto hataambiwa kitu zaidi ya kwamba mimi mzazi nilikuwa na homa jana, na kwamba homa imeshuka. "Kwani hicho Kiingereza chenu kinasemaje? Alikuwa chini ya hewa." Halafu akasimama, akaleta karai, akapima maji kwa kiwiko. Akaliweka mbele yangu.

"Mwoshe," akasema. "Mimi niko hapa katikati."

Nilimvua nguo. Mama akangoja, nikajua anangoja nini. Nikasema, "Onchari." Lilitoka dogo. Nikalisema tena. Masikio yako yakageuka upande wangu. Kisha, kabla hajafika majini, akanikojolea kifuani, mpaka shingoni, hata kanga ikashikana na mwili.

Mama hakutabasamu. Akasema, kwa sauti yake ya kufikisha ujumbe, "Mzee anasema, muulize mwalimu ameandika nini leo juu ya mvua."

Nilicheka, Baba. Na nikaona haya, na nikaendelea kumwosha.

Lile la kuvunja barafu linatoka kwa meli pia. Huko kwao mito huganda wakati wa baridi, na meli ya kwanza huvunja barafu ili nyingine zipite. Maana yake ni mtu anayeanza kuzungumza pale ambapo wote wamenyamaza. Hilo ndilo jibu nililokunyima. Ningemwambia Mama akuambie, lakini naona leo nimekuambia mwenyewe.

Lala vizuri. Kila asubuhi, kabla ya karai, nitamsomea mwenye jina lako hewa ya siku kwa sauti ya kufika barazani. Na siku mtu wa nyumba hii akianguka sitasimama mlangoni. Sijui kama nitatimiza ya pili bila aibu, lakini nitaingia nayo.

Mkwe wako,
Bosibori

Mvua imerudi tangu jioni, haina upepo. Mtoto kimya. Nalala saa tano kasorobo.